Mimi, Watachoka na Sinia la Mama Mkwe

Kama umetoka hospitali juzi na bahasha ya vidonge mkononi, na ulipofika nyumbani ukakuta kikombe chako kimeshatengwa, kaa hapa karibu nami. Nakuandikia wewe. Wengine wakitaka kusoma wasome, ila wasinikatize.

Nimepona. Naanza na hilo kwa sababu nilipokuwa mgonjwa nilichukia sana zile simulizi ambazo mpaka mwisho hujui kama mtu alikufa au yuko hai. Nimepona kifua kikuu. Nimerudi kwenye cherehani yangu, napanda mlima huku Bigwa mpaka kwenye migomba ya mume wangu bila kukaa njiani, na mwili umerudi kujaza dera. Mambo ya kitaalamu kamuulize daktari. Mimi nitakwambia ya benchi, ya sahani, na ya mbwa.

Ndiyo, mbwa. Kwenye nyumba ya Kiislamu, yenye mama mkwe ndani yake. Subiri nifike huko.

Kikohozi kilianza mvua za vuli zikiisha. Nikasema ni vumbi la vitambaa. Nashona sare za shule barazani kwangu, na Januari ndiyo msimu wetu, nani ana muda wa kuumwa? Nikanywa tangawizi, nikanywa dawa za chupa, nikajipaka mafuta ya kifua. Homa ikawa inakuja jioni kama mgeni aliyezoea. Jasho likawa linalowesha shuka. Sketi zikaanza kunivuka nikiwa natembea. Mume wangu, Shomari, akaniambia, "Mama Salma, mbona unakonda?" Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo fasheni ya mjini. Yeye ananunua ndizi na kuuza, na hata shamba lake ni la migomba, mambo ya fasheni hayajui.

Halafu siku moja nilikohoa nikiwa natia vifungo kwenye shati jeupe la mtoto wa watu. Nikaona tone la damu kwenye kola. Nilikaa nikalitazama muda mrefu. Nikalifua lile shati kwa maji baridi na chumvi, nikalianika, nikaenda kupima.

Pale kwenye kliniki yetu, wagonjwa wa kifua hawangoji ndani na watu wengine. Wanangoja nyuma, kwenye banda la mabati lisilo na kuta, ili hewa ipite. Kuna benchi moja refu. Siku ya kwanza unakaa pembeni kabisa, umejifunika mtandio mpaka machoni, unamwomba Mungu jirani asipite. Siku ya tano unasogea katikati. Baada ya mwezi unajua habari za kila mtu pale, nani amekohoa usiku kucha na nani mke wake amekwenda kwao. Ukipangiwa benchi kama hilo usilichukie. Ndipo mahali pekee ambapo nilikohoa bila mtu kugeuza uso.

Nesi wetu alikuwa Sista Getruda, Mluguru wa juu kabisa, wa Mgeta, Mkatoliki wa kusali kila Jumapili, na sauti yake inapanda na kushuka kama wanavyosema watu wa mlimani. Aliponipa majibu sikulia, nilikasirika. Nilimwambia mimi ni mtu msafi. Akacheka kidogo.

"Mama, nani kakuambia ni uchafu? Huu ni ugonjwa. Una dawa. Na dawa utazimeza hapa, mbele ya macho yangu, kila asubuhi."

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi, mpaka nikuone umenichoka. Hapo ndiyo tutakuwa tunaanza."

Chini ya lile benchi alikuwa analala mbwa. Jike la rangi ya kahawia, mbavu nje, mguu mmoja wa nyuma ameukunja. Bodaboda ilimgonga hapo barabarani, akajivuta mpaka bandani. Hakuna aliyemfukuza, na sababu nitakwambia ukweli, kwenye lile benchi hakuna aliyekuwa na pumzi ya kumfukuza mbwa. Mzee mmoja wa Kingolwira, aliyekuwa ananitangulia kwenye foleni, alikuwa anamwachia kipande cha muhogo wake. Mimi nilianza na chapati. Vidonge vile havitaki tumbo tupu, lakini asubuhi nilikuwa nashindwa kumaliza chapati nzima, nikisikia kichefuchefu. Nusu yangu, nusu yake. Tukazoeana hivyo.

Sasa nyumbani.

Kwetu tunakula sinia moja. Mimi, Shomari, binti yetu Salma ambaye yuko darasa la tano, na Bi Mwanaidi, mama yake Shomari, ambaye tunaishi naye tangu mzee wake afariki kule Matombo. Sinia ni lake, la shaba nyeupe, alikuja nalo. Akilitandika mkekani na wali unafuka mvuke, unasahau hata kama mchana mligombana. Siku niliyorudi na majibu, nilikuta hakungoja kuambiwa, ameshapigilia msumari ukutani nje, karibu na mlango wa jiko. Kwenye msumari ameninginiza sahani ya bati na kikombe chekundu cha plastiki.

"Hivi vyako," akasema. Hakunitazama.

Nataka nimtendee haki. Wiki zile za mwanzo Sista Getruda mwenyewe aliniambia nilale peke yangu, nifunike mdomo, madirisha yafunguliwe. Nilikubali yote. Nilihamia chumba cha nje nilichokuwa naweka vitambaa. Shomari alinibebea godoro, akasimama mlangoni, akasema, "Hapa kuna hewa nzuri." Masikini. Mume wangu ni mwema, lakini mbele ya mama yake anakuwa mdogo kuliko Salma.

Mwezi wa Ramadhani ulinikuta hivyo. Mimi sifungi, ninameza dawa. Mchana nakula peke yangu kwa kujificha, na jua likizama wao wanakaa kwenye sinia kufuturu, mimi niko uani na sahani yangu ya bati. Nasikia vijiko vya uji, nasikia Salma anacheka, nasikia Shomari akisema "Bismillah". Wagonjwa wenzangu, maumivu ya kifua nimeshayasahau, lakini ile sauti ya futari kutoka upande wa pili wa ukuta sijaisahau. Nililia kwenye tambi zangu. Salma alikuwa anakuja kukaa kizingitini, nusu ndani nusu nje, na tende mkononi, ili tu niwe na mtu. Bibi yake alikuwa anamwita ndani, naye anajifanya hasikii.

Dawa zilipokolea, Sista akanipima makohozi tena. Akaniita, akaniambia kwa sauti ya juu benchi lote lisikie, kwamba huyu mama sasa hamwambukizi mtu yeyote, arudi kitandani kwa mume wake. Wazee wakapiga makofi. Akaniambia pia kwamba ugonjwa huu unakwenda kwa hewa, si kwa sahani wala kijiko, na kwamba zile sahani za kutenga ni woga tu. Nilirudi nyumbani natembea kama bibi harusi. Nikasimama mbele ya mama mkwe nikayasema yote.

"Hayo maneno ya hospitali," akasema Bi Mwanaidi. "Maliza dawa kwanza."

Nikamgeukia Shomari. Akawa anaangalia vidole vyake vya miguu.

Usiku ule alikuja kulala chumba cha nje pamoja nami, kwa hiyo nikamsamehe nusu. Lakini msumari ulibaki ukutani.

Basi masika yakiwa yamepamba moto, asubuhi moja gari la matangazo lilipita pale kliniki. Likatangaza kwamba mbwa wazururaji wote watauawa kesho, wenye mbwa wafungie ndani, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Tukaangaliana. Kisha tukaangalia chini ya benchi. Yule mbwa alikuwa amelala, kichwa juu ya kandambili ya mzee wa Kingolwira.

"Mimi nina mbuzi," mzee akasema haraka. "Na mke mkali."

Sista Getruda akasema yeye anakaa chumba cha kupanga. Mwingine akasema hivi, mwingine vile. Nilisikia hasira ambayo sikujua imetoka wapi. Niliwaza kwamba huyu kiumbe kosa lake ni nini, amegongwa, amekonda, amekaa pembeni hasumbui mtu, na sasa watu wamekata shauri kwamba yeye ndiye hatari. Nikavua mtandio wa juu, nikauchana upindo, nikapata kamba. Alikuwa mkavu na mikono yangu mikavu, kwa hiyo najisi haikunipata. Nikamfunga shingoni.

"Mama Salma," Sista akasema, "unampeleka wapi?"

"Kwangu."

"Mkweo je?"

"Mkwe wangu ameshazoea kutenga vyombo. Atapigilia msumari mwingine."

Bodaboda wote walikataa kutubeba. Tukatembea mpaka Bigwa, mimi na mapafu yangu mabovu, yeye na miguu yake mitatu. Nikichoka nakaa kwenye jiwe, naye anakaa. Akichoka yeye namngoja. Watoto walitufuata wakiimba, na kina mama wa Kiislamu wenzangu walisimama milangoni mikono kiunoni. Nilikuwa na furaha sijui hata nieleze vipi. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kuumwa nilikuwa nimefanya jambo, siyo kufanyiwa.

"Mama Salma, hicho nini?" Bi Mwanaidi alikuwa uani anapepeta mchele.

"Shikamoo, mama. Ni mbwa."

"Naona ni mbwa! Anakuja kufanya nini humu?"

"Kula na mimi. Si mko watatu huko? Na mimi nimepata mwenzangu."

Ungo ulimtoka mkononi. Akamwita Shomari kwa jina lake la utotoni, jambo analofanya akikasirika kweli kweli. Shomari akaja, akamwona mbwa, akaniona mimi nimesimama na ile kamba, macho makavu. Nadhani aliniogopa kuliko alivyomwogopa mama yake, maana hakusema mtoe. Alisema anakwenda kumuuliza ustadhi wa mtaa.

Nikamwambia, "Ukimuuliza, usisahau kumwambia kwamba ngedere wanamaliza ndizi zako kule juu, na kwamba juzi walishuka mpaka jikoni."

Alirudi baada ya magharibi. Ustadhi amesema mbwa wa ulinzi na wa shamba anaruhusiwa kufugwa, mradi asiingie ndani, na mate yake yakigusa chombo, chombo kioshwe mara saba, moja kwa udongo, kama ilivyoamrishwa. Bi Mwanaidi anaijua dini yake kuliko huyo ustadhi, akaingia zake ndani. Mbwa akalala nje ya chumba cha vitambaa, kwenye gunia.

Kesho yake alikuja bwana mifugo na pikipiki yake. Akamdunga chanjo ya kichaa, akampa dawa ya minyoo, akaupapasa ule mguu. Akasema mfupa umejiunga vibaya, atachechemea maisha yake yote, lakini ataishi. Akatoa kadi ya chanjo.

"Jina lake?"

Sikuwa nimefikiria jina. Nikainua macho, nikamwona mama mkwe mlangoni, mikono kifuani, anasikiliza.

"Watachoka," nikasema.

Bwana mifugo alicheka mpaka kalamu ikamwanguka. Bi Mwanaidi hakucheka. "Wakina nani hao watachoka?"

"Wanaojijua, mama."

Sasa fikiria raha yangu. Kila mbwa akikaribia mchele, mama mkwe inabidi apige kelele mwenyewe, kwa mdomo wake, "Watachoka! Watachoka, toka hapo!" Majirani wanasikia mpaka barabarani. Nilikuwa nashona huku nimeuma uzi nisicheke.

Wewe unayeanza dawa, usiogope mkojo ukiwa rangi ya chungwa, ni dawa. Viungo vitakuuma, ngozi itawasha. Mimi hedhi ilikatika, na matiti yalikuwa yamekwisha kabisa, sidiria navaa kwa heshima tu. Kioo nilikigeuzia ukutani. Halafu siku moja utasikia njaa. Siyo hamu ya kula, njaa yenyewe, ya kuamka saa kumi alfajiri unawaza maharage. Hiyo njaa ikija, ipokee. Mimi na Watachoka tulianza kunenepa pamoja, uani kwetu, kila mtu na chombo chake. Nilimhesabu mbavu zikawa zinapotea moja moja.

Na ukijisikia mzima kabla dawa hazijaisha, hapo ndipo penye mtego. Mimi kipupwe kilipoingia nilikuwa mzima kabisa. Nilianza kusema kesho nitakwenda, leo nina sare za kumaliza. Lakini Watachoka alikuwa ameshazoea safari ya kliniki. Saa yetu ikifika anasimama getini, akiona sitoki anarudi, ananitazama, anakwenda tena getini. Mara ya tatu anabweka. Na akibweka, Bi Mwanaidi anatokea: "Mama Salma, huyo mbwa wako ana nini? Nenda kwenye dawa zako, tupumzike na kelele!" Kwa hiyo nilikwenda. Sina siku hata moja niliyokosa, na kati yao wawili sijui nimshukuru yupi.

Asubuhi za kipupwe ukungu unashuka kutoka mlimani mpaka kwenye paa. Nilianza kumfuata Shomari migombani, kidogo kidogo, mpaka kwenye kijito, kisha mpaka kwenye mti wa shokishoki, kisha mpaka juu. Watachoka anatangulia kwa kuchechemea, anawafukuza ngedere kwa fujo zote, hajawahi kumkamata hata mmoja. Shomari alisema mavuno ya mwaka ule yalikuwa mazuri kuliko ya nyuma. Jioni moja nikamkuta mama mkwe nyuma ya jiko, amechuchumaa, anamkwangulia mbwa ukoko wa wali kutoka kwenye sufuria kuukuu.

"Kula wewe," alikuwa anamwambia kwa sauti ndogo. "Na usinitazame hivyo. Mimi simwonei mtu."

Nilirudi nyuma kimya kimya. Sikutaka ajue nimesikia.

Nikamaliza dawa. Sista Getruda alinipima mara ya mwisho, akaniandikia kwamba nimepona, akanikumbatia, na nguo zake zikanuka dawa ya kufanyia usafi. Benchi likapiga makofi tena, watu wengine sasa, wapya, wamejifunika mitandio mpaka machoni. Nikawaambia wafungue nyuso, mbona hewa ni ya bure. Nikaenda nyumbani. Njiani nilikuwa nawaza kitu kimoja tu, nacho ni sinia. Nilikuwa nimeshaamua nitakaa upande gani.

Bi Mwanaidi alisema alhamdulillah, akaipokea ile karatasi, akaiweka juu ya kabati. Chakula kikaiva. Akanipakulia kwenye sahani ya bati.

Mimi, ambaye mdomo wangu haujui likizo, sikusema kitu. Nilikula uani siku ile, na ya pili, na ya tatu. Shomari alijaribu, namsifu, alisema, "Mama, si amepona?" Mama yake akamjibu, "Hakuna aliyekataa." Basi. Niliona maisha yangu yote mbele yangu na kikombe chekundu mkononi, Salma anaolewa, wajukuu wanakuja, na bibi yao mzaa mama anakula uani. Nilianza kufikiria kurudi kwetu Turiani. Nilimwambia Shomari, siyo kwa hasira, kwamba mwisho wa wiki nitaondoka na Salma na mbwa, na kwamba atakaponihitaji kwenye sinia atanifuata. Akawa kama mtu aliyepigwa kofi.

Siku iliyofuata ilikuwa Alhamisi. Baada ya chakula cha mchana mama mkwe alitoka na sinia kwenda kuliosha bombani, likiwa na mabaki ya wali na mchuzi. Muuza mboga akapiga hodi getini, yule mama wa Mgeta anayeshusha kabichi na karoti. Bi Mwanaidi akaliweka sinia chini, dakika moja tu, akaenda kuchagua karoti. Aliporudi alikuta Watachoka yuko kazini. Kalilamba sinia lote, katikati mpaka kwenye ukingo, linang'aa.

Sijawahi kusikia ukelele kama ule. Tulitoka wote. Bi Mwanaidi alikuwa ameshika kichwa, Watachoka kajificha nyuma ya cherehani yangu, Salma kaziba mdomo kwa mikono. Lile sinia alipewa na mama yake. Nilidhani atalitupa.

Hakulitupa. Alikunja mikono ya gauni, akamtuma Salma udongo safi wa pale kwenye shina la mgomba, akachuchumaa bombani. Akaliosha mara ya kwanza kwa udongo, akalisugua mbele na nyuma, akalisuuza. Kisha maji, tena na tena, akihesabu kwa sauti, nasi tumesimama tunamtazama. Alipofika saba akalisimamisha juani, akajifuta jasho.

"Limetwaharika," akasema. "Salma, likikauka lirudishe ndani. Jioni tutalitumia."

Ndipo mdomo wangu ulipofunguka. Sikupiga kelele. Sauti yangu ilikuwa ndogo hata mimi niliishangaa.

"Mama, sinia limelambwa na mbwa. Umeliosha mara saba, na jioni mtakula humo. Mimi nimemeza dawa kuanzia masika mpaka kiangazi, sikukosa hata siku moja. Niambie, mama. Mimi bado naoshwa mara ngapi?"

Maji ya bomba yalikuwa yanatiririka, hakuna aliyekwenda kuyafunga. Shomari alisema, "Mama," kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ya mtu mzima. Bi Mwanaidi akakaa chini palepale kwenye saruji iliyolowa.

"Nilikuwa na mtoto kabla yako, Shomari," akasema. "Jina lake Tatu."

"Najua, mama. Alikufa mdogo."

"Hujui alikufa na nini. Kabla baba yako hajanioa nilikuwa na mume mwingine, kule juu Matombo. Alianza kukohoa. Tatu alikuwa hali, mgumu wa kula, ila akikaa na baba yake kwenye sinia anakula. Basi nikawa namkalisha pale kila siku. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nataka mwanangu ashibe." Akakwangua udongo kwenye kucha. "Niliwazika wote wawili mvua za mwaka mmoja. Mama Salma, mimi siyo kwamba nakuogopa wewe. Kila nikikuona unasogea kwenye sinia, namwona Salma amekaa pale alipokuwa anakaa Tatu."

Nilimhurumia sana. Miaka yote hiyo alikuwa amebeba hilo peke yake, na hata mwanawe hakujua. Nikachuchumaa mbele yake, nikamshika mikono, ilikuwa bado na udongo.

"Mama, sinia halikumuua Tatu. Sista alinieleza, nikakueleza. Ni hewa, ni chumba kile walicholala wote, na dawa zilikuwa hazijafika huko. Hata kama ungempakulia peke yake kwenye sahani ya dhahabu, ilikuwa ni yaleyale. Wewe ulimlisha tu mwanao. Hukumfanyia ubaya."

"Hukumfanyia ubaya, mama," akasema Shomari.

Akalia kilio cha kizee, kisicho na sauti. Salma akaenda kufunga bomba, kisha akaja akakaa ubavuni kwa bibi yake kwenye maji. Tulikaa hivyo mpaka nguo zikalowa. Watachoka peke yake ndiye hakuthubutu kusogea.

Jioni nilikuwa kwenye kigoda changu uani kama kawaida. Nasikia mkeka unakung'utwa, nasikia vifuniko. Sikutaka kujipa matumaini. Bi Mwanaidi akatokea mlangoni.

"Mama Salma, wali unapoa."

"Niletee tu sahani yangu, mama."

"Sahani gani?"

Nikatazama ukutani. Msumari ulikuwa mtupu. Nikasikia chakarachakara nyuma yangu, nikageuka, Watachoka alikuwa anasukuma sahani ya bati kwa pua, anatafuta punje ya mwisho.

Niliingia. Nikanawa mikono, Salma ndiye aliyenimiminia maji, akanimwagia nusu yake miguuni kwa haraka. Nikakaa mkekani, upande uleule niliokuwa nimeuchagua njiani siku ile. Wali wa nazi, kuku wa kienyeji, mchicha. Nilimega tonge, nikalila, na kwa dakika nzima nilikuwa siwezi kuinua macho.

Sasa wewe na mimi tunajua adabu ya sinia, kila mtu hula kilicho mbele yake. Bi Mwanaidi ndiye aliyemfundisha Shomari hivyo, na Salma amepigwa vibao vya mkono mara nyingi kwa kuvuka mpaka. Alikuwa amekaa mkabala nami. Aliacha wali wake haujaguswa. Akanyoosha mkono juu ya sinia lote, mpaka upande wangu, mpaka pale hasa ambapo vidole vyangu vilikuwa vimetoka kumega, akamega tonge, akalitia mdomoni, akalitafuna polepole sote tunamtazama, akalimeza.